Gurudumu Linazunguka, Ukurasa Umesimama

Mama mmoja wa mtaani kwetu, hapa Tanga, alinijia asubuhi na kijana wa bodaboda aliyembebea kompyuta nzima: skrini, kibodi, na lile kasha ambalo wengi tumezoea kuliita sipiyu. Ni mashine ya mtumba. Mwanawe alimwekea Linux Mint kabla hajaondoka kwenda masomoni, kwa sababu Windows iliyokuwemo ilikuwa imelemewa na virusi.

"Mwanangu," aliniambia, "kila kitu kinakwenda ila viwili. Hiki kigurudumu cha kipanya hakishushi ukurasa, na diski ya harusi yangu haionekani."

Diski yenyewe alikuwa ameifungia kwenye ncha ya kanga. Mumewe ameshatangulia mbele ya haki, na DVD ile ndiyo mahali pekee palipobaki sauti yake.

Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshapita kwa fundi mmoja, akaambiwa kwamba Linux haisomi diski wala haijui gurudumu la kipanya, kwa hiyo mashine ifutwe yote na Windows irudishwe. Hilo si kweli, na ni ushauri unaoumiza. Watu wamepoteza mafaili ya miaka kwa sababu ya gurudumu lenye vumbi au waya uliolegea. Linux imekuwa ikisoma diski na kusikiliza magurudumu tangu zamani, na wengi wetu tuliifahamu kupitia CD: Linux ya Ubuntu ilipotoka mwaka 2004, waliokuwa nyuma yake walikuwa wakituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, na waliendelea hivyo mpaka mwaka 2011. Kama vifaa hivi vimegoma kwenye mashine yako, ipo sababu, na mara nyingi sababu hiyo inaonekana kwa macho.

Bomba la jikoni likikauka, huanzi kubomoa sinki. Unakwenda kwenye mita, unaangalia kama maji yanaingia nyumbani, kisha unafuata bomba mpaka ulipo mkwamo. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kifaa kinatuma ishara, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaipokea, kisha mfumo wa skrini, mwisho programu uliyoifungua. Wengi huanzia mwisho: wanaondoa kivinjari na kukiweka upya, wanabadilisha mipangilio, wanaweka Linux nyingine kabisa. Anzia kwenye kifaa.

Kwa kipanya, kazi hiyo inafanywa na programu ndogo iitwayo evtest. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo apt install evtest

sudo evtest

Itakuorodheshea vifaa vyote vya kuingizia, kila kimoja na namba yake. Andika namba ya kipanya, bonyeza Enter, kisha zungusha gurudumu polepole, hatua moja moja, huku ukitazama skrini. Ukilivuta kuja kwako utaona REL_WHEEL na thamani ya -1. Ukilisukuma mbele utaona 1. Mistari hiyo ikitoka safi, kipanya ni kizima na kerneli inakisikia, kwa hiyo tatizo liko juu, kwenye mipangilio au kwenye programu. Isipotoka kabisa, tatizo liko chini. Na ikitoka imechanganyika, yaani unavuta upande mmoja tu lakini unaona -1, -1, 1, -1, 1, basi umeshapata jibu: gurudumu lenyewe ni chafu au limechakaa ndani. Hapo hakuna mpangilio utakaokusaidia, na kubadilisha Linux kwa Windows hakutabadilisha chochote.

Huku Pwani ugonjwa huo wa mwisho ni wa kila siku. Hewa ya chumvi, vumbi, nywele na nyuzi za nguo hujikusanya kwenye mhimili. Chomoa kipanya. Kigeuze uangalie chini ya vile vibandiko laini kinavyotelezea, maana skrubu hujificha hapo. Fungua kwa bisibisi ndogo, inua gurudumu, toa nyuzi zilizojisokota. Ukikuta gurudumu lenye matundu matundu linalopita kati ya vijicho viwili, hilo linasoma kwa mwanga: lipulize, futa vijicho kwa pamba kavu, basi. Ukikuta mhimili umeingia ndani ya kisanduku kidogo cha chuma au plastiki, kisomeo chake ni cha kugusana. Dondosha tone moja la spiriti kwenye upenyo wake, uzungushe mara ishirini au thelathini, uache kikauke kabisa kabla ya kufunga. Vipanya kadhaa vilivyokuwa njiani kwenda jalalani vimerudi kazini kwa tone hilo moja.

Kipanya cha yule mama, hata hivyo, kilikuwa safi, na evtest haikuonyesha gurudumu kabisa. Mshale ulitembea, vibonyezo vilifanya kazi, gurudumu kimya. Nikaangalia nyuma ya kasha. Kilikuwa kimechomekwa kwenye lile tundu la duara la kijani, PS/2, na alikumbuka kwamba alikichomoa na kukirudisha wakati mashine inawaka, alipokuwa akifagia chini ya meza. Hapa kwangu nami nilikuwa nimekichomeka mashine ikiwa tayari imewaka.

Hapa kuna jambo ambalo ukilijua hulisahau. Kipanya cha PS/2 cha asili hutuma baiti tatu kila kinaposogea: hali ya vibonyezo, mwendo wa kulia na kushoto, mwendo wa juu na chini. Gurudumu halina nafasi humo. Microsoft walipotoa kipanya chao cha IntelliMouse mwaka 1996 walihitaji baiti ya nne kwa ajili ya gurudumu, bila kuzivuruga kompyuta zilizotarajia tatu. Wakatengeneza hodi. Kompyuta inakiagiza kipanya kitoe taarifa mara 200 kwa sekunde, kisha mara 100, kisha mara 80, kwa mfuatano huo huo, halafu inakiuliza wewe ni nani. Kipanya cha kawaida hujibu 0. Chenye gurudumu kinaitambua hodi, kinajibu 3, na kuanzia hapo kinatuma baiti nne. Hodi hiyo hupigwa mashine inapowaka. Ukichomoa kipanya kinakatika umeme, kinasahau yote, na kikirudi kinaweza kuendelea na baiti zake tatu kana kwamba gurudumu halikuwahi kuwepo. Visanduku vya kuunganishia kipanya kimoja na kompyuta mbili navyo huharibu mambo kwa njia hiyo hiyo: hodi inapigwa, kisanduku hakiifikishi.

Dawa ya kwanza ni kuzima mashine, kuchomeka kipanya, kisha kuwasha. Na tundu la PS/2 usilichezee mashine ikiwa inawaka, kwa sababu halikuundwa kwa kuchomoa na kuchomeka ovyo kama USB. Kama huwezi kuzima sasa hivi, iagize kerneli ipige hodi upya:

sudo modprobe -r psmouse

sudo modprobe psmouse proto=imps

Kwa yule mama ilichukua sekunde tatu. Alishika kipanya mwenyewe, akazungusha, ukurasa ukashuka. Kama kwako tatizo linarudi kila ukiwasha, tengeneza faili /etc/modprobe.d/kipanya.conf, ndani yake uandike mstari mmoja, options psmouse proto=imps, kisha uendeshe sudo update-initramfs -u. Lakini kwenye laptopu usiufanye mpango huu kuwa wa kudumu, maana mara nyingi kibao cha kugusa kwa vidole nacho kinatumia moduli hiyo hiyo, na utakinyima uwezo wake wa vidole viwili.

Kipanya cha USB hakina habari ya hodi. Kikichomekwa kinajieleza chenyewe, na gurudumu likigoma karibu kila mara ni uchafu, waya uliokatikia ndani karibu na shingo ya kipanya, au tundu lililolegea. Kijaribu kwenye tundu jingine kabla ya lolote.

Ukitafuta msaada utakutana na maelekezo ya kale yanayokutaka uhariri faili la XF86Config na kuandika ZAxisMapping "4 5". Enzi hizo ndivyo ilivyokuwa: mfumo wa skrini ulilihesabu gurudumu kama kibonyezo cha nne na cha tano, na ilibidi uuambie. Leo kazi hiyo inafanywa na libinput bila kuombwa. Maelekezo yale hayakuwa ya uongo, yamepitwa na wakati tu, na ukiyafuata kwenye Linux ya leo unaweza kujikuta huna hata mshale.

Pia kuna mambo yanayodhaniwa kuwa ubovu na si ubovu. Kwenye Linux, ukichagua maandishi kisha ukabonyeza gurudumu chini, maandishi hayo yanabandikwa pale ulipo. Ni desturi ya tangu zamani. Na katika Firefox, ule mtindo wa Windows wa kubonyeza gurudumu ili ukurasa ujitembeze wenyewe huwa umezimwa, unauwasha kwenye mipangilio. Ukurasa ukienda kinyume na unavyotaka, tafuta kwenye mipangilio ya kipanya mahali pa kugeuza mwelekeo.

Sasa diski, ambako ndiko moyo wa yule mama ulikokuwa.

Swali la kwanza ni lile lile: je, kerneli inaiona draivu? Andika lsblk. Kwenye orodha tafuta sr0, yenye neno rom pembeni. Hiyo ndiyo draivu yako ya CD na DVD, na njia yake ni /dev/sr0. Kama haipo, usiguse programu yoyote. Zima mashine, chomoa umeme, fungua kasha, uangalie nyaya mbili zinazoingia nyuma ya draivu, moja ya umeme na moja ya data. Kompyuta za mtumba zimesafiri kwa meli, zimepakiwa na kupakuliwa, na nyaya hizo hulegea. Zichomoe, zichomeke tena kwa nguvu kidogo. Zikiwa sawa, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uone kama tundu lile halijazimwa.

Kwa draivu za nje, zile za kuchomeka kwa USB, shuku umeme kwanza. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500, na mota ya draivu inapoanza kuzungusha diski inaweza kudai zaidi. Dalili ni draivu kulia tiki-tiki, kuonekana na kupotea. Ndiyo maana baadhi zinakuja na waya wenye vichwa viwili. Vichomeke vyote viwili, na uchomeke kwenye kompyuta moja kwa moja, si kupitia kigawanyio cha bei rahisi.

Kama sr0 ipo, andika sudo dmesg -w kwenye terminali, uiache wazi, kisha ingiza diski. Subiri. Kerneli itaandika inachokiona wakati huo huo. Fungua terminali ya pili ujaribu:

sudo mount -o ro /dev/sr0 /mnt

Ukiambiwa "no medium found" na diski imo ndani, jicho la draivu haliioni. Jaribu diski nyingine, na hakikisha umejaribu CD na DVD zote mbili. Draivu ya DVD ina miale miwili ya leza, mmoja wa CD wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 na mmoja wa DVD wa nanomita 650, na mmoja unaweza kufa mwenzake akaendelea. Mtu anaapa kwamba draivu ni nzima kwa sababu inacheza nyimbo za CD, kumbe upande wa DVD ulikufa mwaka juzi. Kabla hujaizika, safisha lenzi kwa pamba yenye spiriti kidogo, kwa mguso mwepesi, maana lenzi ile imening'inia kwenye nyuzi nyembamba sana.

Ukiambiwa "wrong fs type", diski inaonekana ila haina mafaili ya kufunguliwa. Huenda ni CD ya muziki, ambayo haina mafaili kabisa, haifunguliwi kama folda; icheze kwa VLC, au ihamishe kwa programu ya Asunder. Huenda ni tupu. Huenda aliyeirekodi hakuifunga mwishoni, jambo linalotokea sana kwa diski zilizorekodiwa kwa mashine za sebuleni. Hiyo irudishwe kwenye mashine iliyoirekodi ikafungwe.

Na kama DVD za harusi na za kwaya zinacheza lakini filamu ya kununua dukani inagoma, draivu haina kosa. Filamu nyingi za kununua zimefungwa kwa kufuli liitwalo CSS, na Linux haiji na ufunguo wake kwa sababu za kisheria katika baadhi ya nchi. Ukiwa na bando:

sudo apt install libdvd-pkg

sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg

Hatua ya pili watu huiruka, na ndiyo inayoleta ufunguo wenyewe. Kumbuka vilevile kwamba dunia ya DVD imegawanywa kanda. Sisi Afrika Mashariki tumo kanda ya 5, wakati Ulaya na Omani ni kanda ya 2, kwa hiyo filamu aliyokuletea ndugu kutoka Maskati na draivu ya mtumba vinaweza visielewane. Mara nyingi ufunguo ule hulipita jambo hili, lakini draivu nyingine hukataa. Programu ya regionset hubadilisha kanda, ila draivu inaruhusu mabadiliko matano tu maishani mwake. Usiyatumie kwa kujaribu jaribu.

Diski ikikataa kutoka, kuna kitu bado kinaitumia, mara nyingi folda uliyoiacha wazi au terminali iliyosimama humo. Amri ya sudo fuser -vm /dev/sr0 itakutajia mhusika. Mfunge, kisha andika eject. Mashine ikiwa imezimwa, kuna kitundu kidogo mbele ya draivu: sukuma ncha ya pini iliyonyooshwa mpaka trei isogee. Usiivute kwa kisu.

DVD ya yule mama ilikuwa na shida ambayo hakuna amri hata moja kati ya hizo ambayo ingeimaliza. Draivu iliiona, ikaanza kuisoma, kisha dmesg ikajaa mistari ya "I/O error, dev sr0". Nikaitoa, nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na mikwaruzo, na karibu na ukingo alama ya dole gumba iliyokwisha kukauka. Niliiosha kwa maji na sabuni laini, nikaikausha kwa kitambaa cha pamba, nikifuta kwa kunyoosha kutoka katikati kwenda nje. Usifute kwa kuzunguka. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hula data mfululizo, na kisomeo kinashindwa kukisia kilichokuwepo. Ule unaokata njia hula kidogo kidogo, na hesabu za kusahihisha makosa zilizomo ndani ya diski hujaza pengo.

Diski inapofika hapo, acha kabisa kuicheza. Kila jaribio la VLC linaichosha draivu bila kukuachia chochote mkononi. Inyonye yote kuwa faili moja, kwa programu ya ddrescue, ambayo kwenye Ubuntu, Mint na Debian iko ndani ya kifurushi kiitwacho gddrescue:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Mstari wa kwanza unachukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka sehemu mbaya. Wa pili unazirudia zile mbaya tu, mara tatu. Namba 2048 ni ukubwa wa kipande kimoja cha data kwenye diski, kwa baiti. Faili la harusi.map ndilo lenye thamani kubwa, kwani linakumbuka ni vipande gani vimepatikana na vipi bado. Maana yake ni kwamba unaweza kusimamisha, ukapeleka diski na mafaili yale mawili kwenye kompyuta nyingine yenye draivu nyingine, ukatoa amri ile ile, ikaendelea ilipoishia. Draivu hazifanani macho. Kipande kilichoishinda moja, nyingine hukisoma bila shida.

Ndivyo tulivyofanya. Draivu ya mama ilifanya kazi tangu adhuhuri mpaka alasiri ikabakiza vipande kadhaa ukingoni. Nikahamia kwenye laptopu yangu ya zamani, na kabla ya magharibi vilikuwa vimebaki vichache mno kuonekana kwenye picha. Tulifungua harusi.iso kwa VLC. Picha iliganda kidogo wakati wa kukata keki, kisha ikaendelea mpaka bwana harusi akasimama kushukuru wageni. Mama alisogeza kiti, akaniomba niongeze sauti, nikaongeza.

Kabla hajaondoka nilitaka kumpa nakala kwenye fleshi, ikakataa katikati ya safari. Fleshi nyingi zimeformatiwa kwa FAT32, isiyopokea faili linalofika GB 4, na DVD iliyojaa ni GB 4.7. Kama fleshi haina kitu, iformati upya kwa exFAT. Ya kwake ilikuwa na picha za wajukuu, kwa hiyo tuliifungua harusi.iso kama folda na kunakili VIDEO_TS, ambamo filamu imekatwa katika mafaili yasiyozidi GB 1 kila moja. Yakaingia yote. Nakala ya pili iko kwenye kompyuta yake, na ya tatu mwanawe ataichukua akirudi likizo. Diski yenyewe aliirudisha kwenye kanga. Nilimwomba aitafutie kasha gumu la plastiki, na asiandike chochote juu yake kwa kalamu yenye ncha kali.